Mtindi wa mbuzi wa barafu na tumbo la mtoto

"Shikamoo. Nakaa Morogoro mjini. Mwanangu ana miaka minne, na kila akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo linajaa gesi, linanguruma, kisha anaharisha. Mtaani kwetu kuna mama anauza mtindi wa maziwa ya mbuzi aliougandisha kwenye friza, kwenye vikopo vidogo. Maziwa anayatoa Mgeta. Anasema maziwa ya mbuzi hayana laktosi, yanaongeza damu, yanatibu vidonda vya tumbo na pumu. Anasema pia hayachemshi kwa sababu kuchemsha kunaua nguvu yake, na barafu inaua vijidudu vyote. Mwanangu anaupenda na hajaharisha hata mara moja. Lakini nyumbani nina pia mtoto wa miezi tisa, na mama mkwe mwenye kisukari naye ameanza kuula kila siku. Je, tuendelee? Na ni kweli unashinda mtindi wa ng'ombe?"

Marahaba, mama. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini ukiyachambua yanabaki mawili: kwa nini tumbo la mwanao limetulia, na kama kikopo hicho ni salama kwa watu watatu tofauti ulio nao nyumbani. La kwanza lina jibu zuri. La pili haliwezi kusubiri, kwa hiyo naanza nalo.

Barafu haiui vijidudu. Baridi ya friza inawasimamisha tu: hawali, hawazaliani. Baadhi hufa, wengi hubaki, na siku kikopo kikiyeyuka wanaendelea pale walipoishia. Tena fikiria: kama friza ingekuwa inaua kila kitu, hata bakteria wazuri wa mtindi, ambao ndio unaowalipia, wangekuwa wamekufa. Jirani yako hawezi kudai yote mawili.

Kwenye maziwa ya mbuzi, ninayemhofia zaidi ni brusela. Mbuzi, ng'ombe na kondoo wote wanaweza kuwa na bakteria wa jamii hii, lakini yule wa mbuzi, Brucella melitensis, ndiye mkali kuliko wenzake kwa binadamu. Shida yake ni kwamba mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula vizuri, anakamuliwa vizuri, na maziwa yake yakawa na ugonjwa. Waliolipia somo hili ni askari wa Uingereza kisiwani Malta. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitangaza kwamba amempata bakteria anayewaua kwa homa isiyoeleweka, lakini hakuna aliyejua anatoka wapi hadi 1905, daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipopima mbuzi wa kisiwa hicho na kukuta wameambukizwa bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua sana. Bakteria huyo anavumilia baridi ya friza kwa muda mrefu, na uchachu wa mtindi peke yake si wa kutegemea kummaliza. Joto linammaliza: nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, au kwa sisi tusio na kipimajoto jikoni, chemsha mpaka yapande sufuriani, punguza moto, yaendelee dakika chache huku unakoroga.

Na hiyo "nguvu" inayosemekana kufa? Protini, mafuta na madini ya chokaa havipotei kwa kuchemsha. Vitamini chache zinazochukia joto hupungua, lakini si kiasi cha kumfanya mtu ahatarishe afya ya mtoto. Bakteria wa mtindi nao hawahusiki hapo, kwa kuwa wanawekwa baada ya maziwa kuchemka na kupoa. Zaidi ya hayo, kuchemsha kunautengeneza mtindi wenyewe. Joto la kama nyuzi 85 likikaa nusu saa hubadilisha protini za maji ya maziwa, zikashikana na kaseini, protini kuu ya maziwa, na kufunga maji ndani. Mtindi wa maziwa mabichi huwa mwepesi, maji yakielea juu, na kwenye friza maji hayo ndiyo yanayogeuka vipande vya barafu vinavyokwaruza ulimi. Kama vikopo vya jirani yako vina barafu za namna hiyo, mmeshaonja kasoro ya kutochemsha.

Sisemi maziwa ya Mgeta ni mabaya. Kule juu Uluguru wamefuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway tangu miaka ya 1980, kazi ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wameshiriki sana, na wapo wafugaji hodari kweli. Lakini maziwa yanashuka mlimani kwa barabara mbovu, yamechanganywa ya mbuzi wengi, na mbuzi mmoja tu mgonjwa anatosha kuharibu dumu zima.

Sasa tumbo la mwanao.

Maziwa yote, ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya mama, yana sukari iitwayo laktosi. Utumbo mwembamba huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Laktasi ikiwa haitoshi, laktosi inateremka nzima hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wa huko wanaichachua na kutoa gesi. Hapo ndipo tumbo linapojaa, linanguruma, na choo kinakuwa cha maji. Kwa watu wengi duniani laktasi hupungua polepole baada ya kuachishwa ziwa, na umri wa mwanao ni umri ambao hali hiyo huanza kujitokeza. Pia hutokea kwa muda baada ya mtoto kuugua kuhara sana. Utumbo ukipona, laktasi hurudi. Jamii zenye historia ya ufugaji zimerithi uwezo wa kuendelea kuitengeneza hadi utu uzima. Mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walichunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba uwezo huo hapa kwetu umetokana na mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Wazungu. Ndiyo maana usishangae mtaa mmoja kuwa na mtu anayemaliza lita na jirani yake asiyeweza nusu glasi.

Maziwa ya mbuzi hayakosi laktosi. Yana kama gramu 4.5 kwa kila gramu 100, ya ng'ombe 4.8. Kwa kikombe kizima tofauti hiyo haifiki robo ya kijiko cha chai. Kilichomsaidia mwanao ni mtindi. Bakteria wawili wanaotengeneza mtindi, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, hula sehemu ya laktosi wakati maziwa yanachachuka, halafu wanaingia tumboni na kimeng'enya chao wenyewe, kinachoendelea kuvunja iliyobaki. Mtindi pia ni mzito kuliko maziwa, unapita taratibu, na kikopo chenyewe ni kidogo. Faida hii imethibitishwa kiasi kwamba Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo kwa kawaida hukataa madai mengi ya vyakula, iliikubali mwaka 2010, kwa sharti kwamba bakteria wawe hai na wasipungue milioni 100 kwa gramu.

Kwa hiyo, kabla hujamshukuru mbuzi, mjaribu mwanao kwa mtindi wa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, usio na sukari, nusu kikombe pamoja na chakula, siku tatu nne. Nadhani atauvumilia. Akiuvumilia, umeokoa pesa.

Lakini usichanganye hili na mzio. Mzio ni kinga ya mwili kuzipiga vita protini za maziwa, na laktosi haihusiki. Mtoto mwenye mzio huvimba midomo, hutoka vipele vya kuwasha, hutapika au hukoroma kifua muda mfupi baada ya kunywa. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno; utafiti umeonyesha kwamba watoto zaidi ya tisa kati ya kumi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Ulivyoeleza dalili za mwanao, sioni mzio. Ila nimewahi kusikia mara nyingi mno mama anashauriwa "mpe ya mbuzi" kwa mtoto mwenye mzio wa kweli, na ushauri huo unaweza kuua.

Mbuzi anashinda wapi, basi? Vitone vya mafuta yake ni vidogo, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, kama asilimia 15, ni ya mnyororo mfupi na wa kati ambayo mwili huyachukua kwa urahisi. Kwa ng'ombe sehemu hiyo ni ndogo zaidi. (Hayo hayo ndiyo yanayoleta ile harufu ya beberu ambayo wengine hawaiwezi.) Maziwa yake yakiganda tumboni, bonge lake ni laini zaidi. Chokaa ni kama miligramu 134 kwa gramu 100 dhidi ya 113, protini gramu 3.6 dhidi ya 3.2, potasiamu 204 dhidi ya 132. Vitamini A yake imekwisha kutengenezwa tayari, ndiyo maana maziwa ya mbuzi ni meupe pee wakati ya ng'ombe yana umanjano. Namba hizi hupanda na kushuka kwa aina ya mbuzi na malisho. Ni faida za kweli, lakini ni ndogo. Mtoto anayekula dagaa, maharage na mboga za majani hataziona mwilini mwake. Kugandisha hakuzipunguzi wala hakuziongezi.

Kuhusu kuongeza damu, ukweli umegeuzwa kichwa chini. Maziwa yote yana madini ya chuma kidogo mno, na ya mbuzi yana upungufu wa ziada: foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, ni kama moja ya tano ya ile ya ng'ombe, na vitamini B12 ni pungufu pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ujerumani walikuwa tayari wanawaona watoto wachanga walioishiwa damu kwa kulelewa na maziwa ya mbuzi peke yake. Isitoshe, chokaa ya maziwa huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo mtoto mwenye damu pungufu asile mtindi pamoja na dawa za kuongeza damu. Apishanishe kwa saa mbili. Vidonda vya tumbo husababishwa zaidi na bakteria Helicobacter pylori au na dawa za maumivu, na maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu. Pumu haiponi kwa mtindi. Mtoto akiacha dawa yake ya kuvuta kwa ajili ya kikopo cha barafu, hapo tumefika pabaya.

Kitu ambacho hukukitaja barua nzima ni sukari, na kwangu ndicho swali la pili kwa ukubwa baada ya kuchemsha. Ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri, kwa hiyo anayetengeneza kitu cha barafu huongeza sukari hadi kisikike kitamu kikiwa kimeganda. Acha kikopo kimoja kiyeyuke kabisa mezani, kisha onja. Kama ni kitamu kama chai ya harusini, umepata jibu. Akiweka robo kilo kwa lita moja, kila gramu 100 inabeba kama gramu 20 za sukari, yaani vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa ishuke chini ya asilimia 10 ya nguvu tunayokula, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita kwa siku. Kwa mtoto wa miaka minne ni pungufu ya hapo, na bado hajanywa chai yake.

Je, bakteria bado wako hai baada ya kugandishwa? Mara nyingi ndiyo, wakipungua kiasi. Wanaokufa ni wale wanaochomwa na chembe kubwa za barafu, na chembe hukua pale kugandisha kunapokwenda polepole, au kikopo kinapoyeyuka umeme ukikatika kisha kikaganda upya. Unaweza kupima mwenyewe. Chemsha kikombe cha maziwa, yapoe hadi kidole kivumilie bila kuungua, weka vijiko viwili vya mtindi ulioyeyuka, koroga, funika, funga kwa kitenge, acha usiku kucha. Asubuhi yakiwa yameshikana laini na yana uchachu safi, bakteria wako kazini. Yakibaki maji, ulikuwa unanunua barafu tamu yenye chokaa. Yakifanya mapovu au yakitoa harufu ya uozo, mna wageni wasioalikwa humo. Hayo ya majaribio usiyanywe, yamwage.

Sasa watu wako. Mwanao wa miaka minne asimamishe kikopo cha jirani mpaka maziwa yachemshwe. Baada ya hapo, kikopo kidogo mara chache kwa wiki, baada ya chakula na si badala yake, ni sawa. Wa miezi tisa anyonye. Kijiko cha mtindi mtupu wa maziwa yaliyochemshwa, ulioyeyuka, kwenye uji wake hakina ubaya, lakini maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja, na vipande vya barafu vinaweza kumkaba. Muulize pia jirani kama anatia asali: asali hairuhusiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ya botulini. Mama mkwe hana tatizo na mtindi, ana tatizo na sukari iliyomo. Mtindi mtupu haupandishi sukari sana; huo wa kikopo unaipandisha. Apime sukari ya damu saa mbili baada ya kula, aone mwenyewe. Kama daktari amewahi kumwambia figo zake si nzuri, amuulize kwanza, maana ile potasiamu ya ziada niliyoisifu hapo juu kwake yaweza kuwa mzigo.

Ukitaka kuutengeneza nyumbani, si kazi. Chemsha lita moja ya maziwa ya mbuzi na yaache kwenye moto mdogo sana nusu saa, ukikoroga yasishike chini. Yakipoa hadi uvuguvugu, tia vijiko vitatu vya mtindi mtupu wa dukani, funika, funga blanketi saa sita hadi nane. Mtindi wa mbuzi ni mwepesi kwa asili, kwa hiyo uchuje kwa kitambaa safi cha pamba ndani ya friji saa tatu au nne. Hatua hii ndiyo inayouondolea barafu za kukwaruza. Saga na ndizi zilizoiva hadi ganda likawa na madoa, au embe, usitie sukari. Mimina kwenye chombo kipana, usawa usizidi vidole viwili, ili ugande haraka, na ukoroge kwa uma kila baada ya nusu saa mara tatu hivi. Ukishayeyuka usiurudishe friza.

Mengine hayamalizwi kwa maandishi. Mtoto akivimba uso au midomo, akitoka vipele mwili mzima au akipumua kwa shida baada ya maziwa ya aina yoyote, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Akiharisha damu, akiharisha zaidi ya wiki mbili, au kadi yake ya kliniki ikionyesha uzito umesimama, mpeleke aangaliwe hata kama mnadhani mnajua sababu. Na kwa kuwa nyote mmekwisha kula maziwa mabichi: yeyote nyumbani akipata homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioisha, iwe wiki hii au miezi kadhaa ijayo, asiridhike na kipimo cha malaria kikisema hana. Amwambie daktari, kwa maneno hayo hayo, "nimekula maziwa mabichi ya mbuzi," na aulize kuhusu brusela. Inatibika, lakini dawa ni za wiki sita na zaidi ya aina moja. Mara nyingi mojawapo ni doksisaiklini, ambayo hainywewi pamoja na maziwa wala mtindi kwa sababu chokaa huishika isifyonzwe. Mjamzito asisubiri dalili zizidi, maana ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba.

Kwa jirani yako usiende na shari. Mweleze habari ya mtindi mzito usiotoa maji. Mfanyabiashara husikia hilo haraka kuliko habari za magonjwa. Akikubali kuchemsha na kupunguza sukari, mpe wateja. Akikataa, muombe akuuzie maziwa mabichi ya Mgeta kwa lita, ukayachemshe mwenyewe.